Macho ya Upande wa Baba

Jicho langu la kulia lilikufa bila kuniaga. Sijui siku, sijui mwezi, hata mwaka siwezi kuuapia. Ninachojua ni siku niliyogundua, na siku hiyo lilikuwa limeshakwenda zamani.

Naandika haya kwa sababu kwenye benchi la kliniki ya macho nimekaa na watu wengi, na karibu wote walikuwa na swali moja ambalo hawakuthubutu kumwuliza daktari: sasa itakuwaje? Mimi si daktari. Ni fundi seremala, jina langu Gervas, nina karakana ndogo Mazimbu, natengeneza milango, vitanda na makabati. Ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya jicho waulize waliosomea. Mimi nitakueleza ilivyokuwa kwangu. Ukipata la kukufaa, chukua. Usipopata, utakuwa umepoteza muda wako kidogo tu.

Seremala hufumba jicho. Ukitaka kujua kama mbao imenyooka, unaishika ncha, unaiinua usawa wa uso, unafumba jicho moja na kuitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Tangu nijifunze kazi nimekuwa nikifumba la kulia na kutazama kwa la kushoto. Miaka ishirini na kitu nimefanya hivyo. Kwa hiyo jicho la kulia halikuwahi kuitwa litoe ushahidi peke yake hata siku moja.

Masika yalikuwa yanaishia. Nilikuwa napiga randa fremu ya mlango, upepo ukateremka kutoka mlimani ukanijaza vumbi la mbao kwenye jicho la kushoto. Nikalifunika kwa kiganja, nikainua uso kumtazama mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu, mama mmoja tunayefahamiana. Niliona kilemba chake. Uso haukuwepo. Mahali uso ulipotakiwa kuwa niliona ukuta wa karakana, ukuta mzima usio na tundu.

Watu hudhani asiyeona huona giza. Mimi sikuona giza lolote. Niliona dunia imekamilika, ila ndani yake mtu amepungua. Nikasogeza kichwa kidogo, uso wa yule mama ukatokea na kilemba kikapotea.

"Fundi, kulikoni?" akauliza.

"Vumbi tu, mama."

Nikanawa uso, nikamalizia fremu yake, nikaenda nyumbani nikala. Hilo la "vumbi tu" nililisema wiki tatu nzima, kila aliponiuliza mtu. Nikikumbuka sasa, kinachonishangaza ni kwamba sikuogopa. Ilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi: unaujua ni wako, unauona pale, lakini hauleti habari.

Aliyenivua ganzi hiyo kwa nguvu ni mke wangu, Oliva. Oliva ni Mhehe wa Kilolo, na Wahehe hawana mchezo. Jioni moja aliniwekea bakuli la mchuzi upande wangu wa kulia, nikalipiga kiwiko likamwagika lote mkekani. Hakuinuka kufuta. Akabaki ananitazama.

"Nilidhani umeninunia," akasema. "Mwezi mzima nikikaa upande huu unanipita kama nguzo ya umeme. Nikajiuliza nimemkosea nini huyu mwanaume. Kumbe hunioni."

"Nakuona."

"Hivi vidole vingapi?"

Sikujua kama kuna vidole. Kesho yake tukaenda kliniki.

Kama hujawahi kwenda kliniki ya macho, jiandae kukaa. Utaitwa usome herufi ukutani, utarudi benchi. Utaitwa utiwe dawa ya kupanua mboni, utarudi benchi, na sasa hata uso wa jirani yako utauona kama umepakwa mafuta. Watu mnakaa mstari mmoja, vichwa vimeinuliwa, macho yamefumbwa, kila mmoja ameshika pamba. Mzee mmoja kando yangu aliniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia nasubiri mashine ya kupimia upana wa kuona. Akasema yeye anaisubiri mwaka wa nne, kisha akacheka peke yake.

Daktari alikuwa binti mdogo, labda amemzidi mtoto wangu miaka michache tu. Alinipa shikamoo kabla hajagusa faili. Akanitia tone la ganzi, akasogeza kile chombo chake chenye taa ya bluu mpaka kikaligusa jicho, na sikuhisi kitu. Huku akiandika akaniuliza:

"Baba, kwenye familia kuna mtu aliyepofuka? Au aliyewahi kuambiwa ana presha ya macho?"

"Hapana."

"Hakuna kabisa? Wazee, ndugu?"

"Hakuna."

Nilijibu kwa moyo mweupe kabisa. Oliva alikuwa amekaa nyuma yangu, nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, halafu akaiachia.

Daktari alinieleza polepole. Ni presha ya macho, na haina uhusiano na ile presha ya damu. Ndani ya jicho maji yamejaa kuliko inavyotakiwa, yamekandamiza mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo, na mshipa umekuwa ukifa uzi kwa uzi. La kulia limebaki na kipande kidogo cha kuona, chini kwenye kona. La kushoto limeanza kuguswa.

"Lililokwenda halirudi," akasema. "Kazi yetu ni kulinda lililobaki. Ukikosa dawa, utapoteza na hilo."

Maji yakimwagika hayazoleki, nikajisemea moyoni, kama vile habari ni ya mtu mwingine. Nikamwuliza kama naweza kuendelea na msumeno. Hilo ndilo swali pekee lililonijia.

Tulipotoka nje Oliva alinishika mkono akanivuta pembeni, chini ya ukingo wa bati.

"Kwa nini umemdanganya daktari?"

"Nimemdanganya nini?"

"Baba yako si alikufa haoni? Na shangazi yako Paulina, si anatembea na fimbo akipapasa kuta mpaka leo?"

"Sasa hao si wa kwetu."

Aliniachia mkono. "Baba yako mzazi si wa kwenu? Ni wa nani, wa jirani?"

Hapa inabidi nieleze kwa asiye wa huku. Sisi Waluguru mtu ni wa mama yake. Ukoo wako, ambao tunauita lukolo, ni wa mama, shamba linatoka kwa mama, na mwenye sauti juu yako ni mjomba. Baba ni baba, unampenda, anakulea, lakini akifa shamba lake wanalichukua watoto wa dada zake, ndio wa kwao. Baba yangu alilima njegere na kabichi kwenye mteremko juu ya Mlali. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wapwa zake wakashika jembe pale alipoliacha, na mimi na mama tukarudi kwa wajomba. Hakuna aliyegombana, ndivyo inavyokwenda. Tangu hapo ukiniuliza habari za kwetu, akili yangu inakwenda kwa mama, moja kwa moja, kama maji ya mfereji. Kwa mama hakuna kipofu hata mmoja. Bibi yangu mzaa mama alitoa mawe kwenye mchele mpaka anakufa.

Na baba? Baba nilimkuta tayari anapapasa. Walisema ni moshi wa jikoni, wengine wakasema ni jua la mlimani. Mimi nilimwongoza kwenda shambani nikiwa mdogo, na hata siku moja sikuwahi kuifikiria hali ile kuwa ugonjwa, achilia mbali ugonjwa unaoweza kunihusu.

Kisha nikakumbuka jambo jingine, nikakaa chini palepale kwenye saruji. Miaka minne nyuma walikuja wapimaji wa macho, wakapiga kambi kwenye uwanja wa shule karibu na karakana. Watu walijaa. Mlangoni alisimama nesi akiuliza kila mtu swali lilelile: kwenu kuna kipofu? Waliosema ndiyo walipelekwa mstari wa kushoto, kupimwa ndani ya jicho. Waliosema hapana tulipelekwa mstari wa kulia, kupewa miwani ya kusomea. Nilisema hapana. Nikapata miwani, nikafurahi, nikarudi kazini mapema kwa sababu mstari wetu ulikuwa mfupi.

Nilimweleza Oliva. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alininyanyua tu, tukarudi ndani kumwambia daktari. Yule binti alisikiliza, akafuta neno kwenye faili, akaandika jingine.

"Watoto unao, baba?"

"Mmoja. Felista. Ana miaka ishirini na miwili."

"Naomba aje. Na watoto wa shangazi yako pia. Lakini mtoto wako aje haraka."

Nikasema sawa. Nikakaa miezi mitano bila kumwambia mtoto wangu.

Ukitaka sababu ninazo nyingi. Alikuwa chuoni anasomea kilimo, nikajiambia asubiri amalize mitihani. Mitihani ikaisha, nikajiambia asubiri matokeo. Kumbe nilikuwa naona aibu. Felista nyumbani tulikuwa tukimtania kwamba amekosa kwao: kwetu mtoto ni wa mama, kwa Wahehe mtoto ni wa baba, basi kila upande unamsukumia mwenzake. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka, anasema atafungua ukoo wake. Na mimi sikuwa na shamba la kumpa, wala jina la ukoo. Sasa daktari ananiambia kipo kitu huenda nimempa.

Chupa ya kwanza ya matone niliimaliza kipupwe kikiwa katikati. Ilikuwa inawasha, koo linapata ladha chungu, na moyo ukawa unapiga polepole hata kunyanyua ubao wa mninga naona kazi. Chupa ya pili daktari akabadilisha dawa. Hiyo haikuniwasha, ila kope zilianza kurefuka na ngozi ya chini ya macho ikawa nyeusi kama nimepaka wanja. Oliva aliniita bibi harusi. Felista alipokuja nyumbani mwisho wa wiki akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Baba, unapaka nini? Nipe na mimi."

Nilicheka nao. Kisha nikaenda kukaa uani kwenye kigogo, nikakaa pale mpaka chai ikapoa. Sikulia. Nilikuwa nimekauka, na nilianza kuogopa kule kukauka kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku moja kliniki, nikisubiri mashine, nesi mmoja wa makamo alinionyesha mchezo. Alichora kwenye karatasi msalaba na kitone. Akaniambia nifumbe la kulia, nikazie la kushoto kwenye msalaba, nisogeze karatasi taratibu. Kitone kikapotea. Nilishtuka nikadhani na la kushoto limekwisha.

"Tulia," akasema. "Hapo kila mtu haoni, hata mimi. Ndipo mshipa unapotokea jichoni, hakuna nafasi ya kuona. Jicho la pili ndilo linakufichia. Wewe tatizo lako lilianzia jirani na hapo likatambaa."

Angejua atanipa kazi gani asingenionyesha. Nilirudi karakana nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakisimamisha kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Nikapigilia kipande cha mbao mbele yake cha kuegeshea kidevu. Nikachora msalaba, halafu nikawa nasogeza kichwa cha msumari pole pole mpaka kipotee, naweka alama ya penseli. Nikizunguka hivyo napata duara dogo lililobetuka, ukubwa wa yai la kuku. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya kutoona, ile ya halali. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine niliegesha kidevu na kuchora upya. Siku duara likiwa dogo nilifanya kazi vizuri. Likizidi hata kwa unene wa penseli, mbao zote za siku hiyo ziliharibika mikononi mwangu. Wateja walisubiri vitanda, mimi nachora mayai.

Nilipompelekea daktari ile plaiwudi alijizuia asicheke, lakini akashindwa. "Baba, ukisogea mbele kidogo tu linabadilika. Hii haikupimi wewe, inapima kidevu chako." Kisha akapima presha kwa chombo chake na kicheko kikaisha. Chupa ya tano, na presha ya jicho la kushoto ilikuwa bado juu. Matone hayakutosha. Akaniandikia barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam.

Wangepasua jicho langu linaloona. Nataka msomaji uelewe hilo, maana watu walinifariji vibaya: "Si wanapasua lililoharibika?" Hapana. Lililoharibika hakuna cha kuokoa. Wanakwenda kufungua njia ndogo ya maji kwenye lile ulilobaki nalo, na kabla hawajaanza wanakupa karatasi usaini kwamba unaelewa lolote laweza kutokea. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Tulipanda treni mimi na Oliva. Nilikaa dirishani, nikaitazama milima mpaka ikaisha, ukungu umekaa juu yake, nikijaribu kuikariri. Nilijiona mjinga lakini niliendelea.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia. Wanakuchoma ganzi, unasikia watu wakiongea habari za mpira, wanamaliza. Kazi ni baada ya hapo. Walinifunga la kushoto kwa bandeji mpaka kesho yake, nikabaki na la kulia na kile kipande chake cha kona. Niliona vidole vyangu vya miguu nikiinamisha shingo kwa namna fulani. Niliona ukingo wa ndoo. Oliva alinishika bega kunipeleka msalani, nikanyoosha mkono mbele kupapasa ukuta, na ule mkono niliufahamu. Ulikuwa mkono wa baba.

Mchana wake Felista alifika. Nilimjua kwa hatua zake. Akakaa kitandani akanishika mkono, akauliza kama nina maumivu. Nikasema hapana. Na kwa kuwa sikuuona uso wake, nikaweza kusema.

"Ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Babu yako alikuwa nao. Daktari alisema ukapimwe."

Nikasikia akinigeukia.

"Alisema lini?"

"Kipupwe."

"Mwezi wa sita? Sasa tuko mwezi wa kumi na moja, baba."

"Nilitaka umalize mitihani."

Mkono wake ukatoka kwenye wangu. Nikasikia kitanda kikiinuka. Oliva akamwita kwa jina, mara mbili, na mlango ukafunguka ukafungwa.

Bandeji ilipotolewa nilimwona Oliva, ukungu mwingi lakini yeye, na daktari akasema presha imeshuka. Ilitakiwa niruke kwa furaha. Nilisema asante, nikauliza naweza kuinama lini.

Mwezi na nusu sikutakiwa kuinama, kubeba, wala kukaribia vumbi. Karakana ikafungwa. Felista alipiga simu kwa mama yake tu. Alimwambia hataki kupimwa. Alisema kama lipo lipo, anachotaka ni kuishi bila kulijua, na kwamba baba mwenyewe ameishi nalo miezi mitano kinywani na hakufa. Oliva alinifikishia maneno hayo yote bila kupunguza. Mficha uchi hazai, akaongeza kwa faida yangu.

Nikaamua nianze na waliobaki. Kiangazi, jicho lilipopata nguvu, nilisema nakwenda juu ya Mlali kuwaambia watu wa baba. Daktari alikuwa hataki nitembee njia za mlimani peke yangu, kwa sababu upande wa kulia sioni ukingo. Oliva alikuwa na homa. Alimpigia Felista na kumwambia, "Baba yako ataanguka korongoni, na wewe ndiye utakayeeleza." Felista akaja. Gari lilitushusha tukaanza kupanda, yeye kulia kwangu, kati yangu na bonde, na njia nzima hakusema zaidi ya "jiwe" na "kushoto kidogo".

Aliyetupokea ni binamu yangu Method, mtoto wa shangazi Paulina, ndiye anayelima shamba alilokuwa akilima baba. Nilikuwa sijafika pale tangu msiba wa mwisho. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, lakini alikuwa anatazama mkoba wangu.

"Ndugu yangu, karibu sana," akasema. "Umekuja kwa amani? Kuna habari ya shamba?"

"Shamba ni lenu, Method, sina neno nalo. Nimekuja na habari ya macho."

Alishusha pumzi, kisha akakunja uso, hakuelewa. Nikamwambia yote. Wakati naongea shangazi Paulina alitoka ndani akipapasa ukuta, tukampa shikamoo. Akaniita kwa jina la baba kabla hajajisahihisha. Sauti zetu zinafanana, akasema. Akakaa, akataka tupewe chai, akaikataa ya kumiminiwa, akamimina mwenyewe. Alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili chai ikifika pale ajue. Ilikuwa ya moto. Hakukunja hata uso. Felista alikuwa anamtazama.

"Bibi," akauliza, "ulianza ukiwa na umri gani?"

"Wewe una ngapi?"

"Ishirini na mbili. Natimiza ishirini na tatu."

"Mimi nilianza kujikwaa nikiwa nimemzaa huyu Method. Nilikuwa sijafika thelathini. Sikuumwa, sikuwashwa. Nikadhani ni uchovu wa kunyonyesha. Baadaye nikadhani ni moshi. Baadaye tena nikasema ni uzee, nami nilikuwa na arobaini." Akacheka. "Kila mwaka nilikuwa na jina lake. Hakuna aliyeniambia kuna dawa ya kuzuia, mwanangu. Wangeniambia ningeshuka kwa magoti."

Method alikuwa ameinamisha kichwa. Ana watoto sita. Akaniuliza kliniki inafunguliwa siku gani, nikamtajia, akanitaka nirudie.

Tulipokuwa tunashuka, jua limeinama, Felista alinishika mkono badala ya kiwiko. Tulipofika kwenye mawe alisimama.

"Jumatatu nitakwenda," akasema. "Lakini bado nimekasirika."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Kila kitu unasema sawa."

Jumatatu tulikwenda watatu. Nilikaa benchi upande mwingine safari hii, wa wasindikizaji, na nikagundua huko ni kugumu zaidi. Alipoitwa kwenye mashine ya vimulimuli, ile ambayo unabonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga, niliweza kusikia kitufe kutoka nje. Tik. Tik. Kimya. Kila kimya kirefu nilikihesabu. Nilitaka kwenda kumbonyezea.

Daktari akatuita. Presha yake iko juu, macho yote mawili. Mshipa umeanza kuchimbika kidogo katikati. Oliva alishika ukingo wa meza. Kisha daktari akageuza karatasi ya ile mashine ili tuione. Yangu naikumbuka, ilikuwa nyeusi zaidi ya nusu. Ya Felista ilikuwa nyeupe, isipokuwa lile doa moja dogo kila upande ambalo tunazaliwa nalo wote.

"Hajapoteza chochote," akasema daktari. "Tumewahi. Akitumia dawa bila kuruka, anaweza asipoteze kitu maisha yake yote."

Anaweza. Nimejifunza madaktari hawasemi zaidi ya hapo, na wewe unayesoma haya usimlazimishe wako aseme. Chukua hilo "anaweza" uende nalo nyumbani. Na ukiulizwa kuhusu familia, usijibu haraka. Taja wa mama na wa baba, waliopo na waliokufa, hata wale ambao desturi inasema hawakuhusu. Mshipa wa jicho haujui desturi.

Jioni ile, baada ya chakula, Felista alileta chupa yake mpya akakaa kwenye mkeka mbele yangu. Jicho langu la kushoto tangu upasuaji halihitaji tena matone, ila la kulia naendelea nalo ili kile kipande cha kona kisiondoke. Nikamwonyesha: vuta kope ya chini iwe kama mfuko, tazama juu, tone moja, usipepese, fumba. Halafu bonyeza kwa kidole hapa kwenye kona karibu na pua, uhesabu mpaka mia mbili, dawa isikimbilie kooni. Alifanya la kwanza likadondokea shavuni. La pili likaingia. Tukakaa tumetazamana, macho yamefumbwa, kila mmoja na vidole vyake puani, na yeye ndiye anayehesabu kwa sauti.

Alipofika sitini na kitu, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayehesabu miche kitaluni, nikasikia kitu kikinipanda kutoka tumboni. Nilidhani ni kikohozi. Kumbe nalia. Mwaka mzima sikuwa nimelia, na nilikuwa nimesahau namna ya kuzuia kilio, basi kikatoka chote, mabega yananitikisika, kamasi zinatoka, Oliva akaja mlangoni na mwiko mkononi akasimama.

Felista aliacha kuhesabu. Alifumbua macho kabla ya wakati, akanitazama, akaichukua chupa yangu kwenye mkeka.

"Baba, umeitoa dawa yote," akasema. "Inua kichwa, nikutie upya."

Nikainua.